Moshi wa Kusimama: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Uchukuzi wa Nchi Zinazotumia Bandari ya Dar es Salaam

Waheshimiwa Mawaziri,

Mimi ni wakala wa forodha. Kwa miaka 24 kazi yangu imekuwa kutoa mizigo bandarini na kuisindikiza kwa karatasi na simu hadi Lusaka, Lubumbashi, Kigali, Bujumbura na Lilongwe, kisha kuipokea ile inayoshuka kutoka huko kuja baharini. Miaka yote hiyo wateja wameniuliza maswali mawili: bei gani, na mzigo utafika lini? Mwaka jana mnunuzi mmoja wa Ulaya anayechukua parachichi za Njombe aliongeza la tatu. Alitaka kujua kontena lake litakuwa limetoa kilo ngapi za hewa ukaa tangu shambani hadi kwenye ghala lake.

Sehemu ya bahari haikunisumbua. Mwenye meli anajua meli yake inachoma mafuta kiasi gani na imebeba makontena mangapi. Hesabu aliniletea siku ileile. Nilikwama kwenye kilomita takriban 700 za nyumbani, kati ya Njombe na gati. Umbali naujua. Mafuta ya lori likiwa linatembea naweza kuyakadiria. Nisichokijua ni saa ambazo lori litasimama: kwenye mizani, pale mlima Kitonga lori jingine likilala barabarani, Kibaha wakati wa kuingia mjini, na kwenye geti la bandari. Katika msimu uleule lori moja lilisimama jumla ya saa 6, na jingine siku mbili na nusu, barabara ileile, dereva wa kampuni ileile. Bei ya safari hizo mbili haikuwa moja, moshi wake haukuwa mmoja, na parachichi zilizofika hazikuwa na hali moja.

Nawaandikia kwa ajili ya saa hizo. Katika mikutano yetu huwa tunaambiwa kwamba mzigo una mambo matatu yanayovutana, yaani gharama, huduma na mazingira, na kwamba ukivuta moja mengine mawili yanalegea. Yapo mahali ambapo hilo ni kweli, na nitayataja. Lakini kwenye barabara zetu bado hatujafika huko. Kuna mwizi mmoja anayeiba katika mifuko yote mitatu kwa wakati mmoja, naye ni kusimama.

Nianze na hizo parachichi, kwa sababu tunda halijui kudanganya. Parachichi iliyochumwa inaendelea kupumua. Ndani ya kontena la baridi tunaipunguzia pumzi ili iamke ikiwa imefika sokoni. Kontena hilo likiwa juu ya lori linapata umeme kutoka kwenye jenereta ya dizeli iliyofungwa kwenye trela, na jenereta hiyo haizimwi, lori liwe linakimbia au limesimama. Hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa, kutegemea joto la nje. Kila saa ya foleni basi ina dizeli inayolipiwa, moshi unaotoka na maisha ya tunda yanayokatwa. Foleni ikiwa ndefu kiasi cha kuikosa meli, unasubiri meli ya wiki inayofuata, na wiki kwa parachichi ni uzee. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa inaumiza tumbo la mkulima wa Njombe, ambaye atalipwa bei ya tunda lililolainika ingawa yeye alichuma tunda gumu.

Mnunuzi akishaumia mara mbili ana njia mbili. Anaweza kuhamia nchi nyingine, au, kwa bidhaa nyepesi zenye thamani kubwa, anahamia kwenye ndege. Ndege kwa kila tani na kila kilomita hutoa hewa ukaa nyingi mno kuliko meli, na nauli yake ni ya juu. Wakenya wanalijua hili kupitia maua yao, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiruka kwenda Uholanzi, na sasa wamejiwekea lengo la kusafirisha nusu yake kwa meli ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa kuwahubiria wakulima. Litafikiwa pale mwenye maua atakapoamini kwamba kontena lililotoka Naivasha Jumatatu litakuwa melini siku iliyoandikwa. Anayetaka watu washuke kwenye ndege lazima kwanza awahakikishie saa.

Sasa twende Tunduma, mpakani na Zambia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 2,000. Dereva anayetembea kilomita 400 kwa siku, bila kukimbia na akilala usiku kama binadamu, atafika kwa siku 5. Kwenda na kurudi ni siku 10. Ongeza 2 za kupakua na kupakia, zinakuwa 12. Waheshimiwa, katika makadirio ninayowapa wateja wangu naandika siku 25, na bado kuna nyakati ninapiga simu ya kuomba radhi. Siku 13 za katikati zinapotelea Tunduma na Nakonde, zinapotelea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na kwenye vituo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kina sababu yake nzuri.

Mwenye lori analipa mkopo wa benki, bima na posho ya dereva kwa siku zote 25. Lori lililoweza kwenda safari mbili kwa mwezi linakwenda moja. Hasara hiyo haimezi. Anaiweka kwenye nauli, nami naiweka kwenye ankara, na mama anayeuza mafuta ya kupikia sokoni Lubumbashi anaiweka kwenye chupa. Na wakati huohuo malori kwenye foleni yanawashwa, yanasogea mita 20, yanazimwa, yanawashwa tena. Hakuna namna mbaya zaidi ya kuchoma dizeli.

Kuna kejeli kubwa katika foleni ile. Malori yanayoshuka yamebeba shaba na kobalti ya Katanga, madini yanayokwenda kutengeneza nyaya na betri za magari ya umeme, ili miji ya watu ipumue. Gari la umeme linaanza maisha yake kwenye moshi wa foleni ya Kasumbalesa. Wanunuzi wa madini hayo wameanza kuliona jambo hili, na wana pa kwenda. Reli ya Lobito, inayotoka bahari ya Atlantiki na kupita Angola hadi mpakani mwa Kongo, imekabidhiwa mwendeshaji binafsi kwa miaka 30, na Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alikwenda Angola mwenyewe kuipigia debe. Wanaoiuza njia hiyo hawaanzi na bei. Wanaanza na siku, kisha wanataja hewa safi. Mkidhani mazingira ni hadithi ya mikutano ya nje, jueni kwamba washindani wetu wanayatumia kuchukua mzigo wetu.

Sitaki kuonekana sioni yaliyofanyika. Lango la bandari limechimbwa kina, magati yamejengwa upya, waendeshaji wapya wameingia baada ya mikataba ya 2023 na 2024, na meli hazikai nangani kama tulivyozoea kuziona. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili karatasi ikaguliwe mara moja badala ya mbili. Haya ni mema na tunayashukuru. Lakini kontena linaloshuka melini haraka na kukuta barabara imejaa halijaokoa kitu. Foleni iliyokuwa baharini imehamia nchi kavu, ambako mafuta yanachomwa na mwenye lori mmoja asiye na wa kumsemea.

Nilisema kuna mahali ambapo mambo matatu yanavutana kweli. Mahali hapo ni baharini. Injini ya meli ina tabia moja: ukiongeza mwendo kidogo, mafuta yanaongezeka sana. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, mwendo ukipunguzwa kwa asilimia 10, mafuta yanayochomwa kwa saa hupungua kwa karibu asilimia 27. Hata ukizingatia kwamba safari itachukua muda mrefu zaidi, akiba ni karibu asilimia 19. Mwenda pole hajikwai, na baharini mwenda pole pia hachafui. Lakini mwenye duka Kigali aliyekopa benki kununua bidhaa za Guangzhou anahesabu riba kila siku meli inapotembea taratibu. Hapo kuna mvutano, na hakuna wa kuudanganya.

Tangu mwishoni mwa 2023 mvutano huo umetufika shingoni. Baada ya mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli ziliacha Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari kati ya Asia na Ulaya ziliongezeka siku 10 hadi 14. Ili kufidia siku, baadhi ya meli ziliongeza mwendo. Kwa hiyo zikachoma mafuta kwa umbali zaidi na kwa mwendo zaidi, na nauli zikapanda. Gharama, huduma na hewa vyote vikaharibika pamoja, na hakuna waziri wa Afrika Mashariki aliyekuwa na uwezo wa kulizuia hilo.

Linalowezekana ni kujiandaa kwa linalokuja. Usafiri wa baharini hutoa karibu asilimia 3 ya gesijoto zote duniani. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana kwamba sekta hii isafishike kabisa ifikapo 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 rasimu ya kuzitoza meli kwa uchafu unaozidi kiwango ilipitishwa kwa hatua ya kwanza. Oktoba 2025 uamuzi wa mwisho ukaahirishwa kwa mwaka mmoja. Siku utakaporudi mezani, tozo yoyote itakayowekwa itateremka kwenye nauli, na nauli itateremka hadi kwa yule mama wa Lubumbashi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wanaokaa mezani wakiwa na bandari zinazopokea meli kubwa kila saa hawatausikia uzito wa nchi isiyo na bahari. Nchi saba zinazotumia bandari moja zikienda London, kwenye makao ya shirika hilo, na sauti saba, hazitasikika hata moja. Ziende na sauti moja, zidai kwamba sehemu ya fedha hizo irudi kwenye njia za nchi zisizo na bahari, kwa ajili ya reli, umeme wa gatini na mipaka.

Kuhusu reli, naomba tujifunze kwa jirani bila kumcheka. Kenya ilianza kubeba mizigo kwenye reli yake ya kisasa mwaka 2018. Treni ilipokosa mzigo wa kutosha, serikali iliagiza makontena yaende kwa reli hadi Nairobi, na baadaye Naivasha. Wenye mizigo walilalamika kwamba wanalipa mara mbili: reli hadi kituoni, kisha lori kutoka kituoni hadi ghalani, na kontena tupu kurudishwa Mombasa. Mombasa ikapoteza kazi. Septemba 2022 Rais William Ruto aliurudisha mjini Mombasa uondoshaji wa mizigo, siku ileile alipoapishwa. Fundisho ni kwamba treni inayobeba mzigo kwa amri hailazimiki kuhudumia vizuri, na mteja aliyeswagwa hutoroka siku geti likifunguliwa.

Sisi tuna nafasi nzuri zaidi. Reli yetu ya kisasa inatumia umeme, na tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 likamilike mwaka 2025, sehemu kubwa ya umeme huo inatoka kwenye maji. Kwala ina bandari kavu. TAZARA, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, imepata mkataba wa kufufuliwa wa takriban dola bilioni 1.4 uliosainiwa na kampuni ya Kichina mwaka 2025. Lakini kumbukeni kwamba Dar es Salaam ina reli za aina tatu zenye upana tofauti: mita 1 ya zamani, milimita 1,067 ya TAZARA na milimita 1,435 ya kisasa. Behewa la moja haliwezi kupanda nyingine. Kontena linaweza, kwa winchi, na hapo ndipo faida ya reli inapopatikana au inapopotea. Kontena likihamishwa kwa saa 4, reli imeshinda. Likilala siku 4 likisubiri winchi, lori chakavu la mtu wa Makambako litaishinda treni mpya ya umeme, na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa hewa safi, nitampigia simu yule mtu wa Makambako.

Huyo mtu wa Makambako naye msimsahau. Wenye malori wengi ninaowajua wana lori moja au mawili, yaliyonunuliwa yakiwa yametumika. Nasikia mara kwa mara pendekezo la kupiga marufuku malori ya zamani kwa ajili ya mazingira. Marufuku bila mkopo nafuu itawaondoa wadogo na kuwaachia barabara wakubwa, na nauli itapanda. Anzeni kwa kumrudishia safari yake ya pili kwa mwezi. Akiipata ataweza kununua matairi mazuri, kufanya matengenezo kwa wakati, na siku moja kununua lori jipya bila kuamriwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo matano, na yote yanahusu kusimama.

La kwanza, hesabuni saa za kusimama na mzitangaze kila wiki: getini, kwenye mizani, mpakani, pande zote mbili. Lakiri za kielektroniki tunazofungiwa kwenye mizigo ya kupitia nchini zinajua lori liko wapi kila dakika. Taarifa hizo zinatumika kumkamata mwizi wa mzigo. Zitumike pia kumkamata mwizi wa muda. Saa zikitangazwa kila mtu ataona foleni inaanzia wapi, na aibu itafanya kazi ambayo semina zimeshindwa.

La pili, zamu za mpakani zilingane. Dirisha la upande mmoja likifungwa, la pili kubaki wazi ni pambo. Na lori lipewe miadi ya kufika, lisubiri mahali penye choo, maji na kivuli, badala ya kupanga mstari barabarani na kuwawashia wenyeji wa Tunduma moshi usiku kucha.

La tatu, wekeni soketi za umeme kwa makontena ya baridi Makambako, Tunduma, Kwala na kwenye maegesho ya bandari. Hili ni dogo, na ndiyo maana nalitaja. Jenereta ikizimwa na kontena kuchomekwa kwenye umeme wa gridi, tunda linapona, dizeli inabaki, na mimi ninapata namba ya kumwandikia yule mnunuzi.

La nne, tafuteni dawa ya kontena tupu. Leo kontena likishushwa Kigali au Lubumbashi mara nyingi linarudi Dar es Salaam likiwa limebeba hewa, kwa sababu siku zake za bure zinakwisha na tozo ya kulichelewesha inaanza kuhesabiwa, wakati mwenye kahawa wilaya ya jirani anatafuta kontena la kupakia. Kaeni na kampuni za meli, mkubaliane maghala ya kupokea makontena matupu kwenye bandari kavu za ndani. Safari ya kurudi tupu ni kusimama kwa namna nyingine: gurudumu linazunguka lakini kazi haiendi.

La tano, reli ipewe ratiba iliyochapishwa, na fidia kwa mwenye mzigo ratiba ikivunjwa. Ishinde kwa saa zake, nasi tutaifuata bila kusukumwa.

Sijaomba fedha za kujenga barabara mpya. Mengi ya haya ni taarifa mlizo nazo, meza mnazokaa tayari, na nyaya za umeme.

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma kufuatilia mzigo uliokwama. Alfajiri dereva mmoja na utingo wake walikuwa chini ya trela wakichemsha chai kwa mkaa, siku yao ya nne. Nikamuuliza dereva anadhani watavuka lini. Akacheka, akanijaza kikombe, akasema, "Kaka, mimi nimeshaacha kuhesabu."

Yule mnunuzi wa parachichi hajaacha. Jedwali alilonitumia lina safu ya bahari, nimeijaza. Ina safu ya bei, nimeijaza. Ina safu ya barabara, kutoka shambani hadi gatini, na kwenye safu hiyo nimeacha nafasi wazi. Ameniandikia tena juzi kuuliza. Namba anayoitaka sina mimi, ila ninyi mnaweza kuwa nayo wiki ijayo mkiamua kuhesabu.

Kwa heshima na taadhima,

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam